Mgeni Husindikizwa

Hatua ile ya mwisho haikuwa yake.

Mama Vishindo aliijua miguu yake kama mpishi anavyoujua mkono wake wa chumvi. Miaka nenda miaka rudi alikuwa akitembea papo kwa papo ndani ya treya la changarawe, mbele ya maikrofoni, akipiga hatua za watu wasiokuwepo: leo askari mwenye buti, kesho bibi harusi mwenye viatu vya kisigino, keshokutwa mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Ndiyo kazi iliyompa jina. Mchezo wa redio hauna macho, alipenda kusema, kwa hiyo wa kuutia macho alikuwa yeye na makorokoro yake: shuka la kupigia upepo, bakuli la maji, vishada vya funguo, na mlango mdogo wa mbao uliosimama kwenye fremu yake pembeni mwa studio. Mlango huo haukuingia kokote wala haukutoka kokote. Lakini ulikuwa na komeo, kitasa, na bawaba zilizolia kama paka mwenye njaa.

Mchana ule alitembea, akasimama. Bosi Kimya, mtayarishaji wa michezo, akarudisha nyuma ili wasikilize. Hatua zikaja juu ya changarawe, polepole, za mtu asiyekuwa na haraka na mtu yeyote. Zikasimama. Halafu ikaja moja zaidi.

"Umejikwaa?" Bosi aliuliza kutoka upande wa pili wa kioo.

"Sijajikwaa."

"Basi ni mwangwi."

Chumba kile kilikuwa kimezibwa kwa sponji kuanzia sakafuni mpaka darini, hakina dirisha, makusudi ili mwangwi ukose pa kukaa. Wote wawili walilijua hilo.

"Iache hivyohivyo," Bosi akasema. "Imekaa vizuri."

Mchezo wenyewe aliutoa kwenye kitabu cha zamani cha ng'ambo, habari za bwana mmoja mkubwa aliyekufa asife, anayelala jenezani mchana na kunywa damu za watu usiku, asiyeweza kuvuka kizingiti cha mtu mpaka akaribishwe. Kitabu hicho watu wote walikijua, hata wale ambao hawajawahi kukishika. Kimetengenezewa filamu juu ya filamu. Watoto walikuwa na katuni zake. Hata dawa ya meno ilitangazwa na mtu mwenye joho jeusi na meno marefu yanayong'aa.

"Lakini huyo mtu ameshachezwa mpaka amechoka mwenyewe," wifi yake Mama Vishindo alicheka siku walipogawiwa karatasi. "Nikimsikia naona joho la mitumba na popo wa kufungwa uzi. Nani ataogopa?"

Bosi hakucheka. "Toa joho. Toa meno. Toa popo. Kinabaki nini?"

"Hakibaki kitu."

"Inabaki hodi," Bosi alisema. "Mtu usiyemjua yuko mlangoni kwako, na hawezi kuingia mpaka wewe mwenyewe umruhusu. Hiyo ndiyo ninayoitaka."

Kwa hiyo akamgeuza yule bwana kuwa jini, na nyumba akaifanya ya msichana anayeishi peke yake. Msichana alikuwa wifi. Jini alikuwa Besi, mwigizaji mwenye sauti iliyotoka chini kama imepita ndani ya mtungi.

Wifi huyu Mama Vishindo alimlea. Alipoolewa alimkuta hana mama, meno ya mbele yamemdondoka, akamwogesha na kumpeleka shule. Mume alipofariki, akiwa kitandani alisema neno moja tu kuhusu mambo ya dunia: "Mdogo wangu nakuachia wewe." Wakabaki wawili nyumbani, wakitaniana kwa uwifi wao mpaka majirani wakidhani wanagombana. Yule binti akakua na sauti. Akisema redioni, watu waliacha sufuria ziungue.

Siku ya kurekodi hodi, Besi hakufika. Gari lilikuwa limeharibika njiani. Bosi hakutaka kuipoteza siku.

"Tutachukua maneno ya msichana peke yake," alisema. "Ya Besi nitayapachika baadaye. Mama Vishindo, ukisikia amesema karibu, fungua mlango wako."

Taa nyekundu ikawaka. Bosi akatamka neno lake la siku zote, lile lililompa jina, na kimya kikashuka. Wifi alisimama mbele ya maikrofoni, karatasi mkononi, kiatu kimoja kakivua kama ilivyokuwa tabia yake. Mama Vishindo alisimama kando ya mlango mdogo, hedfoni masikioni, mkono juu ya kitasa.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini, yenye adabu. Haikutoka upande wa kioo. Ilitoka nyuma ya ule mlango mdogo, na nyuma ya ule mlango mdogo palikuwa na ndoo, ufagio, na ukuta.

Wifi alidhani Besi ameingia. Hata macho hakuyainua. "Karibu," akasoma. "Karibu, pita ndani. Jione uko kwako."

Na mkono wa Mama Vishindo, uliozoea kazi kuliko kufikiri, ukafungua.

Hewa baridi ilimpita usoni, ikiwa na harufu ya udongo uliotoka kuchimbwa na kitu kingine kama kutu ya misumari. Ilipita, haikurudi.

"Safi kabisa!" Bosi alishangilia kwenye spika. "Besi, umeingia saa ngapi? Mbona sikuoni?"

Simu yake ikaita palepale mezani. Alikuwa Besi, yuko barabarani bado, ameshika jeki, anaomba radhi.

Mama Vishindo alimwambia Bosi afute. Alimwambia tena walipokuwa wakifunga. Bosi aliisikiliza ile hodi mara kadhaa, jasho likimtoka kwenye mdomo wa juu, akasema atafuta. Hakufuta. Mchezo ulikuwa umeshatangazwa, na tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kupata kitu kizuri kama kile.

Wifi alianza kwa kuchoka. Mtu aliyekuwa akiimba bafuni akawa anatoka bafuni ameshika ukuta. Chakula alikisukuma pembeni. Midomo ikapauka, na kucha zake zikawa nyeupe kama za mtu aliyeshinda akifua.

"Wifi, umepata mchumba unanificha?" Mama Vishindo alijaribu kumtania. "Maana kukonda huku si kwa bure."

"Mchumba gani," wifi alijibu, na sauti yake ilikuwa nyembamba, kama inatoka chumba cha pili. "Nasikia usingizi tu."

Hospitali walimpima, wakampima tena. Daktari aliwaambia damu imepungua sana, na hawaoni inakokwenda. Hatoki damu popote, hana vidonda tumboni, hana mimba. Mama Vishindo alilala kitanda cha jirani akamtolea damu yake mwenyewe, akaiona mashavuni mwa wifi yake ikirudisha rangi, akamshukuru Mungu. Kesho yake mchana rangi ile haikuwepo tena. Alimtazama shingoni, maana naye filamu hizo alizitazama kama watu wengine. Shingo ilikuwa safi.

Kilichomtisha zaidi ni saa ya kurekodi. Kila ikifika, wifi, asiyeweza kujinyanyua kunywa maji, aliamka akavaa. Mama Vishindo akaficha funguo za nyumba. Alasiri moja alitoka jikoni akamkuta amekaa chini ameuelekea ukuta, kiatu kimoja mguuni, anaongea kwa kunong'ona.

"Karibu," alikuwa akisema. "Karibu. Karibu."

"Unaongea na nani, mama?"

"Anabisha hodi, wifi. Kila saa anabisha. Nikinyamaza inauma."

Mama Vishindo alimfunika kwa mikono yake miwili, na kupitia mgongo ule mwembamba alihisi moyo ukikimbia kama mtu anayefukuzwa. Alikwenda studio siku hiyohiyo. Bosi Kimya alikuwa amekaa peke yake, amevimba macho.

"Nimefuta," alisema kabla hajaulizwa. "Wallahi nimefuta. Nimefuta kila mahali. Sikiliza."

Hakubonyeza kitu. Mashine ilikuwa imezimwa. Na kwenye spika sauti ya wifi ikasema, "Karibu, pita ndani," sauti nono, tamu, karibu zaidi kuliko siku aliyoirekodi, sauti ya mtu aliyekula akashiba.

Besi ndiye aliyemleta mganga. Mganga mwenyewe alikuwa fundi wa mabomba. Ndiyo kazi yake ya mchana, na hayo mengine aliyarithi kwa mama yake bila kuyataka. Alifika studio na mfuko wa plastiki wenye vifaa vyake vya kazi, maana alikuwa ametoka kuzibua sinki la mtu, akavaa miwani, akauliza kama kuna mahali pa kuchaji simu. Mama Vishindo alitaka kukata tamaa. Kisha Fundi Bomba akaiona fremu ya mlango mdogo, akavua miwani.

"Aliyesema karibu nani?"

"Huyu hapa," Mama Vishindo alijibu. Alikuwa amemleta wifi studio, amempakata kwenye kochi, kichwa kimelala begani kwake.

"Aliyefungua mlango?"

Alikuwa hajawahi kuulizwa hilo. "Mimi."

"Basi nyote wawili mko hapa. Vizuri. Huyu kaka mwenye sauti abaki nje, ashike mlango mkubwa usijifunge."

Besi akatoka. Akaushika mlango mnene wa studio kwa mikono yote miwili. Walimwona ameushika. Halafu mlango ukafunga polepole, kama hakuna mtu, na ule mfyonzo wa sponji inapobanana na sponji ukawaziba masikio, na taa zikazimika zote, na feni ikafa, na katika giza lile la chumba kisichokuwa na dirisha, ambalo halina uhusiano wowote na usiku kwa sababu usiku una mwanya, Mama Vishindo alisikia treya la changarawe likikanyagwa, polepole, hatua kwa hatua, na baada ya changarawe akasikia shuka lake la upepo likitikiswa, na maji yakikorogwa kwenye bakuli, na funguo zikipekuliwa mmoja mmoja kama mtu anayetafuta ule unaofaa, kila kishindo alichowahi kukitengeneza kwa mikono yake katika chumba hicho kikitengenezwa sasa na mikono mingine, kwa ufundi uleule, kwa subira ileile, kikimzunguka, kikisogea.

"Bosi, piga kelele," alinong'ona. "Besi atasikia."

"Hatasikia," Bosi alinong'ona, na alikuwa analia. "Mimi ndiye niliyekijenga chumba hiki. Hakitoi sauti."

"Nyamazeni," Fundi Bomba alisema. Kisha akaligeukia giza. "Mgeni, amani. Umekaa sana. Mwenye nyumba amechoka. Tunakuomba uondoke."

Kwenye spika zisizokuwa na umeme, sauti ya wifi ikajibu, "Karibu, pita ndani. Jione uko kwako." Na wifi mwenyewe, pale begani, alifungua mdomo pamoja nayo, neno kwa neno, bila sauti, na mwili wake ukawa mwepesi mikononi mwa Mama Vishindo kama nguo inayokaukia kambani.

"Mfukuze!" Mama Vishindo alisema. "Baba, mfukuze, ananifia!"

"Huyu hafukuziki," Fundi Bomba alijibu kwa sauti ya chini sana. "Wa kufukuzwa ni yule aliyeingia kwa nguvu. Huyu alibisha, akakaribishwa, akafunguliwa. Ameingia kwa adabu na atatoka kwa adabu. Wewe ukipata mgeni kwako, akitaka kuondoka unamfanyaje?"

"Namsindikiza."

"Basi msindikize."

Vishindo vyote vikanyamaza kwa pamoja. Katika kimya kile kilisikika kitu kikipumua karibu na sikio lake, kikingoja.

Fundi Bomba aliongea haraka. Aende kwa miguu, maana gari nalo lina mlango. Asimtazame. Akisemeshwa ajibu vizuri. Ampeleke mpaka machimbo ya mawe yaliyoachwa nje ya mji, mahali ambapo hakuna mtu wa kusema karibu, amuage, ageuke, asiangalie nyuma. "Na njiani," alisema, "mtu yeyote asimkaribishe. Umenielewa? Yeyote."

Mama Vishindo alimlaza wifi mikononi mwa Bosi. Akajifunga shuka la kazi kiunoni. "Mgeni wangu," alisema gizani, "tumefurahi kukuona. Twende nikusindikize."

Mlango ukafunguka. Besi alikuwa amesimama palepale, mikono mbele. "Mbona mmetoka upesi hivyo?" aliuliza. "Mlango ndiyo kwanza umejifunga."

Nje jua lilikuwa utosini. Watu walikuwa wengi, na kila mmoja alikuwa na kivuli chake. Mama Vishindo alitembea, na kando yake, mkono wa kushoto, zikatembea hatua nyingine juu ya lami, zenye sauti ya changarawe.

Hakuwahi kujua kwamba barabara ile ni mdomo mmoja mrefu unaosema neno moja. Karibu mteja. Karibu dada, angalia viatu. Karibu mama, bei ya leo si ya jana. Kila mlango ulikuwa wazi, na katika kila mlango mtu anatabasamu, na kila mara herufi ya kwanza ilipofika kwenye midomo yao yeye alikohoa, akaimba, akaita jina la Mungu kwa nguvu, akapiga makofi, ili neno life kabla ya kutimia, na watu wakageuka wakamtazama mwanamke mzima aliyejifunga shuka chafu akipiga kelele peke yake mchana kweupe, wakasikitika.

"Mji wenu una watu wakarimu," mgeni alisema.

"Ndiyo," Mama Vishindo alijibu, jasho likimwingia machoni. "Ni watu wazuri."

"Unakwenda upesi. Au umenichoka?"

"Hapana, mgeni wangu. Jua kali tu."

Maduka yakapungua. Alianza kuona, mbali, vumbi jeupe la machimbo. Duka la mwisho lilikuwa la vyombo vya plastiki, ndoo zimepangwa nje rangi kwa rangi, na mwenye duka, dada mmoja mwenye uso wa furaha, alikuwa ameinama anapanga mifuniko. Mama Vishindo hakumwona mpaka alipoinuka.

"Karibuni!" yule dada alisema. "Shemeji naye apite kivulini, anaonekana amechoka."

Ndiye mtu wa kwanza njiani kumwona mgeni. Hatua za mkono wa kushoto zikasimama.

Mama Vishindo akaenda mbele, kwa sababu miguu yake ilikuwa inakwenda, na alipokwenda alihisi uzito ukimtoka mgongoni kama mtua mzigo. Harufu ya udongo haikuwepo. Simu ikaita. Ni Bosi, anacheka na kulia kwa pamoja. "Amefumbua macho! Anaongea! Anaomba chai, anasema wewe ndiye unajua anavyoipenda!" Na nyuma yake akaisikia sauti ya wifi, yenyewe, yenye mikwaruzo: "Wifi, uko wapi? Rudi."

Alisimama katikati ya barabara na simu sikioni. Kila alichokiomba kilikuwa kimepatikana. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Wifi yake alikuwa hai, chai ilikuwa inachemka, na nyuma yake palikuwa na duka la mtu asiyemjua, wala hatamwona tena.

"Nakuja," alisema. Akakata simu, akageuka.

Dukani palikuwa na ubaridi. Yule dada alikuwa amekaa kwenye stuli, amejiegemeza kwenye rafu, anapiga miayo. "Sijui nimechokaje ghafla," alisema. Mbele yake palikuwa na beseni kubwa la bluu lililotandikwa shuka, na ndani ya beseni alilala mtoto mchanga. Kando ya beseni kiti cha plastiki. Hakuna aliyekikalia, lakini miguu yake minne ilikuwa imetanuka, kama inavyotanuka chini ya mtu mzito.

"Dada yangu, nisikilize, usiniulize kwa nini," Mama Vishindo alisema. "Mwambie huyu aondoke."

"Nani, shemeji? Ha! Ugomvi wenu mkamalizie nyumbani. Mtu amekuja kwa adabu zake, kaomba kukaa, mimi nimfukuze?"

"Nakuomba. Kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto amelala tu." Lakini yule dada aliposema hivyo aliuangalia mkono wa mtoto nje ya shuka, na uso wake wa furaha ukapata shaka, kwa sababu kucha zile ndogo zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe.

"Hapa pazuri," mgeni alisema, taratibu, kutoka kwenye kiti. "Pana mtoto."

Mama Vishindo alipiga magoti. Alimwona yule dada akifungua mdomo na kuufunga, hana nguvu ya kusema nenda, na kama angekuwa nayo hakuwa na muda wa kuamini.

"Mgeni wangu," Mama Vishindo akasema. "Ondoka hapo. Njoo kwangu."

"Kwako wapi? Kule umenitoa."

"Kwangu mimi. Si kwa wifi. Si kwenye nyumba. Kwangu mwenyewe, nitakapokuwa ndipo uwe, na usiguse mwingine."

"Hujasema."

Mtoto hakuwa analia, na hilo ndilo lililomkata Mama Vishindo maini. Alifumba macho.

"Karibu," alisema.

Kiti kikaruka nyuma, kikaanguka. Beseni likapasuka kwa kilio, kilio cha nguvu, cha hasira, cha mtoto mwenye damu yake yote. Na baridi ikaingia kifuani mwa Mama Vishindo, ikakaa, kama mtu anayevuta kiti ajisogeze mezani.

Hakurudi nyumbani. Alirudi studio, kwa kuwa kati ya vyumba vyote alivyovijua hicho ndicho kisicho na dirisha wala mpita njia, na mlango wake ni mnene. Aliwaambia watoke. Bosi alihamisha kazi jengo lingine, akamwachia chumba na ufunguo, na mpaka leo humtumia karatasi za michezo kwa simu, naye hurudisha vishindo. Fundi Bomba huja na maini, mboga za majani na vidonge vya kuongeza damu, akaviweka kizingitini. Ndiye aliyemkumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi naye akampa. Mgeni hutembea kwenye changarawe, hutikisa shuka, huliza bawaba. Wasikilizaji husema vishindo havijawahi kuwa hai namna ile. Akifanya kazi hunywa kidogo. Mama Vishindo amekonda, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja, lakini yuko.

Wifi yake amepona kabisa. Sauti imerudi. Alikuja mara ya kwanza kabla hata hajapata nguvu ya kupanda ngazi, akagonga mlango mnene kwa viganja, akalia, akatukana, akaomba. Mama Vishindo alimwambia kupitia kwenye simu kwamba anampenda na kwamba asije tena. Huja hata hivyo. Mama Vishindo akiacha kupokea simu, huja.

Jana alasiri Mama Vishindo alikuwa anafuta vumbi kwenye vifaa vyake aliposikia mlangoni, kwa mbali, kupitia sponji yote ile: "Hodi, wifi. Nimekuletea chai. Sikai, nakuona tu naondoka. Hodi."

Alikwenda akaweka kiganja kwenye mlango. Upande wa pili, pengine, palikuwa na kiganja kingine. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Ni neno dogo, kila mtu hulisema kutwa nzima bila kulifikiria, na ni yeye mwenyewe aliyemfundisha wifi utotoni kulisema, mlangoni pa nyumba yao, wageni walipofika. Akaliuma.

Nyuma yake, ndani ya chumba, karibu na sikio lake, sauti ileile ya wifi ikasema kwa upole:

"Mfungulie, wifi. Ni mimi."